Tulipompeleka Dekha Akaone Ngoma za Bintiye

Jumapili, alasiri. Garissa.

Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka ndani ya sufuria niliyoifunika. Ndiyo Agosti yetu hii. Jua linapoa kidogo, halafu upepo unakuja kukuchapa usoni kana kwamba mna kesi.

Nimekaa kwenye kiti changu cha cherehani na cherehani yenyewe nimeifunika kwa shuka. Ikran, binti ya rafiki yangu Dekha, amelala chumbani kwangu na sare ya gwaride bado iko mwilini. Nilitaka kumvua hata viatu, nikaogopa kumwamsha. Mama yake analala seli leo kwa mara ya pili.

Nina hasira, na hasira yangu haina pa kwenda. Basi naiweka hapa.

Kama hunijui, mimi ni fundi wa nguo na ni mtu wa mto. Wazee wangu ni Wamunyoyaya, walima mahindi na ndizi kando ya Tana. Dekha ni Msomali wa Takaba, huko juu Mandera, na anauza maziwa ya ngamia mbele ya kibanda changu. Tumekaa mlango kwa mlango miaka mingi tukigombania kivuli. Akitaka kunichokoza anasema cherehani yangu inapiga kelele kuliko mbuzi aliyefungwa. Mimi namwambia maziwa yake yananuka moshi mpaka wateja wangu wanadhani nimewaunguzia nguo. Ndivyo tunavyopendana.

Dekha hana kitambulisho. Hapa kwetu ukisema hivyo watu wanatikisa kichwa tu, hakuna anayeuliza kwa nini. Lakini najua wapo wanaonisoma wakiwa mbali, kwa hiyo acha nieleze.

Alipokuwa mtoto, ukame ulimaliza mifugo ya baba yake. Yule mzee akawapakia watoto kwenye lori akawashusha Dadaab, kwenye kambi ya wakimbizi, kwa sababu kule kulikuwa na unga na mafuta ya kupikia na nyumbani hakukuwa na kitu. Akamwandikisha Dekha kama mtoto aliyekimbia vita ng'ambo ya mpaka. Wakamchukua alama za vidole, wakampa chakula. Mvua iliponyesha wakarudi Takaba, na hakuna aliyelifikiria tena jambo hilo. Nani angelifikiria? Ilikuwa njaa, na mtoto akala. Familia ngapi hapa mjini zina mtu wa namna hiyo! Miaka ikapita, Dekha akaenda kuchukua kitambulisho kama wenzake, akaweka vidole kwenye mashine, na mashine ikasema huyu ni mkimbizi.

Basi. Tangu siku hiyo amekwama. Kama Mkenya hatambuliwi, na ukimbizi wenyewe haujui, maana kambini hana hata mkeka. Kamati ya kuwachunguza watu wa namna yake imekaa, wazee wa ukoo wameapa mbele ya kamati, yeye ameulizwa maswali mpaka ya jina la kisima walichonyweshea ngamia. Akaambiwa asubiri. Laini yake ya simu ina jina la kaka yake. Mume alikwenda Afrika Kusini kuuza kwenye duka la watu na akanyamaza huko huko. Daraja la Tana analiona kila siku, na hajawahi kulivuka akafika mbali kuliko Madogo, hapo ng'ambo tu.

Sasa Ikran. Yuko kidato cha nne, shule ya wasichana ya bweni hapa mjini, na anapiga ngoma kubwa, ile inayobebwa kifuani kwa mikanda na kupigwa pande zote mbili. Mwalimu wao wa muziki, Mutua, aliianza ile bendi kwa madumu ya plastiki na vijiti vya mkoma. Wasichana wakapiga madumu mpaka yakapasuka, ndipo shule ikatafuta ngoma za kweli na tarumbeta chache. Na sare nani alishona? Mimi. Kijani yenye nyuzi za dhahabu, gauni refu juu ya suruali, na hijabu imeshikwa na vifungo mabegani ili mkanda wa ngoma usiivute nyuma. Hivyo vifungo nilivibuni mwenyewe baada ya kushona na kufumua mpaka nikalia, na ninajivunia, sitaki kudanganya.

Lakini hapa mjini hawajawahi kupiga hadharani. Wazazi wengine walimwendea mwalimu mkuu. Wasichana, ngoma, mbele ya wanaume? Hapana. Mwalimu mkuu akapata njia ya katikati: mazoezi ndani ya ukuta wa shule bila watazamaji, mashindano mbali na Garissa. Kila mtu akaridhika isipokuwa Dekha, maana mbali na Garissa ndiko asikoweza kwenda.

Kwa hiyo hajawahi kumwona mwanawe akipiga ngoma. Anasikia tu. Jioni upepo ukielekea sokoni, anaacha kumimina maziwa, ananiinulia kidole nisimamishe cherehani.

"Hiyo kubwa ni yeye," ananiambia.

Mimi sisikii chochote. Lakini nanyamaza.

Mwaka huu mashindano ya bendi za shule yamefanyika Thika, jana Jumamosi. Kwa Ikran yalikuwa ya mwisho, Novemba anafanya mtihani na kuondoka. Katikati ya wiki Dekha alikuja kibandani, akaketi juu ya dumu lake, akasema, "Abaayo, mimi naenda." Abaayo ni dada. Hakuniomba ushauri, alikuwa ananipa habari.

Nilimwambia ana wazimu. Nilimwambia mara nyingi, na kwa maneno ambayo siyaandiki hapa. Halafu nikaenda kumtafutia gari.

Gari lilikuwa la Gabow, jirani yetu, dereva wa teksi mwenye Probox na malalamiko. Gabow analalamikia barabara, tairi, serikali, mgongo wake na chai ya mkewe, lakini ukimwita anakuja. Alisikiliza, akamgeukia Dekha. "Haye. Wakiuliza kitambulisho, wewe sema umesahau nyumba. Sema hivyo tu. Watapiga kelele kidogo, wataachilia."

"Mimi siwezi sema uongo nikienda kuona mtoto wangu," Dekha akasema.

"Uongo kidogo!"

"Hata kidogo."

Huyo ndiye Dekha. Mteja akija wakati maziwa yameanza kuchachuka, anamwambia usinunue, njoo kesho. Nimemwambia miaka yote hiyo biashara haiendi namna hiyo, na miaka yote ananicheka.

Jana tuliondoka mara tu baada ya swala ya alfajiri. Alikuwa amejitanda garbasaar mpya, ule mtandio mkubwa wa kina mama wa Kisomali, wa njano inayouma macho. Nikamuuliza kama anakwenda kuangalia gwaride au kuongoza magari. Akasema amemwambia Ikran kwa simu: usinitafute uso, uwanja ni mkubwa, tafuta njano.

Mwenzangu, natamani ungemwona akivuka daraja. Alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili kama mtu anayevushwa na mtumbwi. Tulipoipita Madogo alianza kuuliza kila kitu. Huu mti unaitwaje? Wale wanalima nini pale? Ile milima ina watu? Gabow akachoka, akamwambia aulize vingine akirudi. Dekha akasema, "Kwani Kenya ni refu hivi? Nani anakula yote?" Tulicheka mpaka Gabow akakosa pa kulalamikia. Ndiyo saa nzuri ya mwisho niliyokuwa nayo, na sikuijua.

Kizuizi cha kwanza walitupungia mkono tupite. Cha pili walimwangalia Gabow peke yake. Cha tatu, askari alitutaka tushuke.

Barabara hii ina desturi yake. Gari linasonga mbele tupu, na ninyi abiria mnalifuata kwa miguu kwenye foleni, kila mtu na kitambulisho mkononi. Tumezoea kiasi kwamba mtoto wa kwetu ukimwambia acheze mchezo wa safari, atapanga wenzake mstari. Mimi nilipita bila kuangaliwa mara mbili. Buibui langu na la Dekha yametoka kitambaa kimoja na mkono mmoja, wangu. Lakini yeye ana sura yake na mimi nina yangu, na barabara hii inasoma sura kwanza.

Alikuwa askari kijana, mpole kwa kweli. Afadhali angekuwa mkali, ningejua la kufanya. Alisema, "Kitambulisho, mama." Nikamwona Gabow kule mbele amegeuza shingo, midomo inacheza, anamsomea lile neno kwa mbali: nimesahau, nimesahau.

Dekha akamweleza ukweli.

Wote. Ukame, lori, baba yake, unga, vidole, kamati, kusubiri. Alisimama juani akaeleza taratibu, kwa Kiswahili chake cha sokoni, kama anayemweleza mtoto wa dada yake. Akamalizia, "Sasa naenda Thika, binti yangu anapiga ngoma, jioni narudi. Wallahi narudi."

Yule kijana alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kwa hiyo mama umekubali mwenyewe kwamba umeandikishwa kambini. Na kambini hukuchukua ruhusa ya kutoka."

Gabow alijipiga paji la uso. Mimi nilipiga kelele, sina haja ya kuficha. Nilimuuliza kama ana mama. Nilimuuliza kama ameona mkimbizi anayejua bei ya maziwa ya Garissa kwa miaka yote hii. Mkubwa wake akaja, akasema nikiendelea nitafungiwa na mwenzangu. Nikasema nifungie! Dekha akanishika mkono.

"Wewe nyamaza," akaniambia. "Wewe enda."

"Siendi popote."

"Hadija. Mtoto ataangalia." Akavua garbasaar ya njano palepale, akabaki na kitambaa cheusi cha kichwani, akanitanda mabegani kama anayemvalisha bibi harusi. "Saa ya kupiga asijue. Akijua, mkono itakufa. Akimaliza, mwambie."

Nikamwambia, wewe uliyeshindwa kumdanganya askari ili ujiokoe, sasa unanituma nimdanganye mtoto?

"Hii si uongo," akasema. "Nguo ni yangu. Nguo imefika."

Wakampandisha nyuma ya gari lao, wakampeleka kituo cha polisi kilicho mbele kidogo kando ya barabara. Tulipita mbele ya kile kituo na sisi. Gabow hakulalamika mpaka Thika.

Nilikwenda. Usiniulize kama nilifanya sawa.

Uwanja ulikuwa umejaa shule za kila upande, mabasi, wauza miwa, wazazi na kamera. Bendi zingine zina ngoma zinazong'aa na kofia za manyoya. Zetu zilikuwa zimechubuka, na kijani chetu kilikuwa kimepauka kwa jua la mazoezi. Nilikaa na Gabow safu za juu, katikati, pale ambapo hata kipofu angeuona ule mtandio.

Wakaingia. Wasichana wetu, wembamba, wamenyooka, hijabu zimetulia mabegani. Ikran alikuwa mstari wa nyuma katikati, ngoma imemfunika kutoka kidevuni hadi tumboni. Macho yake yalikwenda kwenye majukwaa. Yalipita kushoto, yakarudi, yakafika kwangu, yakasimama.

Akatabasamu. Nikainua mkono. Mungu anisamehe.

Sijui kuandika muziki. Nitasema tu kwamba ngoma ndogo zilianza peke yake, haraka haraka, kama mvua kwenye mabati, na watu wakaendelea kula miwa yao. Kisha ile kubwa ikaingia na uwanja ukanyamaza. Alikuwa anapiga huku na huku, mikono inapishana juu ya ngoma, na wenzake wote wanatembea juu ya pigo lake. Akichelewesha, wanachelewa. Akisukuma, wanakwenda. Mwanamke aliyekaa mbele yangu akageuka akaniuliza, "Ni wako?" Nikasema ndiyo. Hata uongo huo niliusema.

Nilijaribu kurekodi. Macho yangu yalikuwa kwa Ikran, si kwa simu, na ukiangalia ile video unaona nyasi, mabega ya watu, na unasikia sauti tu. Dekha hana simu, walimnyang'anya.

Walipomaliza, Ikran aliacha ngoma chini akapanda zile ngazi akikimbia. "Hooyo! Hooyo!" Mama, mama. Alipobakiza hatua chache kunifikia akasimama. Nimeona watu wakipokea habari za msiba, na sijawahi kuona uso ukizimika namna hiyo.

"Habaryar," akaniambia. Ndivyo anavyoniita, mama mdogo. "Yuko wapi?"

Nikamwambia.

"Tangu saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Na nyinyi mkakaa hapa mkaangalia."

Gabow akaanza kusema ni mama yako alitaka, nikamkanyaga mguu. Ikran hakulia. Aliuvua ule mtandio mabegani mwangu, akaukunja vizuri, akaushika chini ya kwapa, akashuka. Matokeo yaliposomwa wakawa wa tatu, na wenzake wakaruka wakapiga vigelegele, yeye alikuwa amekaa juu ya ngoma yake amewapa mgongo.

Gabow alirudi jana ile ile na chakula. Alinipigia simu kutoka kituoni: amemwona Dekha, amekula wali kidogo, amefungiwa chumba cha nyuma, ameuliza jambo moja tu, mtoto alipiga vipi. Gabow, ambaye sijawahi kumsikia akisifu kitu, alimwambia uwanja mzima ulinyamaza. Mimi nilibaki na wasichana, tukalala kwenye bweni la shule iliyotupokea.

Leo asubuhi nilipanda nao basi la shule kurudi. Kabla hatujafika kile kituo, Ikran alisimama, akaenda mbele kwa Mwalimu Mutua, akaongea naye kwa sauti ya chini. Mwalimu akamwambia dereva apunguze mwendo.

"Kumwona hawatakubali," Mwalimu akatuambia. "Lakini kusikia, labda."

Upande ule ndiko kwao, kwa hiyo alishuka akaongea Kikamba na askari wa zamu aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia kazini, na chai mkononi. Nilimwona askari akicheka, akitikisa kichwa, akicheka tena. Akasema sawa, pigeni, ila msizibe barabara, na mlango huu hakuna wa kuingia.

Wakashusha ngoma. Wakajipanga kwenye uwanja wa vumbi, kando ya ukuta wa nyuma, ambako kuna kidirisha kidogo cha nondo karibu na paa. Ikran alijitanda ule mtandio wa njano juu ya sare. Hakuna aliyemkataza.

Jana alipiga vizuri. Leo alipiga kitu kingine. Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kusikia pigo kwenye meno yangu. Wenyeji walitoka madukani, mama mmoja na kuku wake kwapani, magari yakapunguza mwendo. Wasichana wengine walikuwa wanalia huku wanapiga, na hakuna aliyekosea. Ikran aliutazama ukuta. Alikuwa anampigia mtu mmoja tu, kwa nguvu zote, kama anayebisha mlango.

Na pale kidirishani vikatokea vidole.

Vitatu, au vinne. Vilishika nondo, vikaachia, vikapunga. Ikran akaviona. Wote tukaviona. Mimi nililia mpaka nikashika ukuta. Nilisema moyoni, amesikia. Basi hata wakimpeleka wapi, amesikia.

Walipokuwa wanapakia ngoma, yule askari wa zamu alinijia, mtu wa heshima tu, ananishukuru kwa burudani. Akaniuliza tulikuwa tunampigia nani. Nikamwambia. Akaenda ndani, akakaa, akarudi bila ile chai.

"Yule mama hayuko," akasema. "Alihamishwa alfajiri kwenda Garissa, kwa sababu ya mahakama kesho. Mimi nilikuwa sijaangalia."

Nikamuuliza, sasa mle ndani ni nani?

"Ni wanaume wawili walevi wa chang'aa," akasema. "Samahani sana, mama."

Nilirudi kwenye basi. Ikran alikuwa ameniwekea nafasi karibu naye. Jana hakutaka hata kuniangalia, na leo aliniwekea nafasi. Uso wake ulikuwa umerudi. Akanishika mkono, mikono yake bado ya moto kwa vijiti, akasema, "Habaryar, ulimwona? Ulimwona alivyonipungia?"

Nikasema nilimwona.

Ilitoka yenyewe, wala sikufikiri. Mwalimu Mutua alikuwa amesikia maneno ya askari, alikuwa amesimama nyuma yangu pale. Alinitazama kupitia kioo cha dereva, kisha akageuka akaangalia barabara. Na njia nzima mpaka darajani Ikran alikuwa ananisimulia mimi niliyekuwepo: vidole vilianza pale ngoma kubwa ilipoingia, habaryar, pale pale, alijua ni mimi. Wenzake wanaitikia. Alijua! Alijua!

Mwalimu alinikabidhi Ikran alale kwangu, kwa sababu ya kesho. Kwanza nilikwenda na chakula mpaka pale wanapomshikilia Dekha hapa mjini. Walikipokea chakula, mimi wakanizuia langoni. Jumapili hakuna kuonana, mtamwona mahakamani. Nilimwomba yule wa langoni ampelekee neno moja tu. Akaniuliza neno gani. Ningelisemaje lile neno kupitia kwa mtu mwingine? Nikasema mwambie Hadija anamsalimu.

Wanasema anaweza kuamriwa arudishwe kambini. Arudishwe! Mahali alipokula unga utotoni. Kaka yake amesafiri kutoka Takaba na wazee wawili kuja kuapa tena. Gabow ametafuta wakili, analalamika kwamba wakili hapokei simu. Huenda wakamwachia, huenda wasimwachie. Hilo siwezi kulifanyia lolote, na nikilifikiria sana kichwa kinapasuka.

Ninalofikiria ni dogo. Kesho Ikran atakuwa mahakamani, amevaa vizuri, mstari wa mbele, na kitu cha kwanza atakachomwambia mama yake najua ni kipi. Atamuuliza: hooyo, ulisikia?

Na Dekha atasema ukweli. Atasema, kusikia nini? Hawezi kusema kingine, ndivyo alivyo, ndicho kilichomfikisha hapo alipo.

Kwa hiyo kesho nitaamka kabla ya mtoto. Nitamwambia naenda kununua mkate. Nitasimama pale kwenye geti la mahakama ambapo gari la polisi linashusha watu, na watakapomshusha nitakuwa na nafasi ya maneno machache tu kabla hawajanisukuma. Nimeyapanga tangu nirudi. Dekha, binti yako alikuja kukupigia nje ya ukuta. Ulisikia. Vile vidole dirishani vilikuwa vyako.

Atanitazama kwa yale macho yake. Je, atakubali?